Nishani ya Wafua Feleji na Funzo Lake kwa Ukoo Wetu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa)





Kamati imeniamuru niseme machache juu ya nishani, na sababu yake haijifichi. Leo alasiri tutakaa kuamua kama ukoo wetu uanzishe nishani yake wenyewe, itolewe kila tukutanapo kwa yule aliyefika daraja ya juu kabisa katika kazi yake. Nami, kwa kuwa nimekula riziki yangu miaka mingi katika maabara ya kupimia feleji hapa Uingereza, nimeona bora niwasimulie habari za nishani iliyo kongwe na tukufu katika kazi yetu, iitwayo Nishani ya Dhahabu ya Bessemer. Baada ya hapo nitasema rai yangu, nanyi mtaipima.

Kwanza tuafikiane juu ya maneno. Chuma si kimoja. Kipo chuma cha kusubu, kigumu lakini chepesi kuvunjika, kwa kuwa kina kaboni nyingi. Kipo chuma cha kufua, laini, kinachokubali nyundo, kwa kuwa kaboni yake ni kidogo mno. Kati ya hivyo viwili ipo feleji, ambayo wazee wetu waliisifu walipotaja upanga mzuri: ngumu, na pia ina unyumbufu. Zamani hapa Uingereza kuipata feleji ilikuwa kazi ya siku nyingi na makaa mengi, nayo ikitoka katika vyungu vidogo vidogo. Kwa hiyo ilitumika kwa visu, nyembe na springi za saa. Hakuna aliyethubutu kujengea daraja.

Mnamo Agosti 1856, katika mji wa Cheltenham, Henry Bessemer alisimama mbele ya wanazuoni akatangaza kwamba ameweza kugeuza chuma kilichoyeyuka kuwa feleji bila kuongeza kuni wala makaa. Alipuliza hewa ndani ya chuma chenyewe. Hewa ile haikukipoza chuma, bali iliunguza kaboni na silikoni zilizomo, na moto wa kuungua huko ukazidisha joto. Kazi ya siku nyingi ikamalizika kwa muda usiozidi nusu saa. Wenye viwanda wakashindana kununua idhini ya kutumia njia yake.

Lakini waliporudi makwao wakaijaribu, chuma kilitoka kibovu, kikapasuka chini ya nyundo. Maradhi yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba hewa iliyopulizwa iliacha oksijeni ndani ya chuma. La pili ni fosforasi, iliyojaa katika mawe mengi ya chuma ya Uingereza, na ambayo njia ile haikuweza kuitoa. Bessemer, kwa bahati yake, alikuwa amefanyia majaribio chuma chenye fosforasi chache, asitambue bahati hiyo.

Dawa ya maradhi ya kwanza ilitoka kwa mtu mwingine, Robert Mushet, aliyefanya kazi katika msitu wa Dean, magharibi ya Uingereza. Mushet aligundua kwamba ukitia chuma chenye manganizi baada ya kupuliza hewa, oksijeni hutoka na kaboni hurudi kwa kipimo unachokitaka. Feleji yake ilitengenezewa reli iliyolazwa mwaka 1857 katika stesheni ya Derby, mahali ambapo reli za chuma cha kawaida zilikuwa zikibadilishwa kila baada ya miezi sita au pungufu. Miaka sita baadaye reli ile ilikuwa ingali nzima.

Je, Mushet alitajirika? La. Hati zake za uvumbuzi zilikufa mwaka 1859 kwa sababu ada ya serikali haikulipwa kwa wakati. Kuanzia hapo yeyote aliweza kutumia maarifa yake bila kumlipa senti. Bessemer akawa tajiri, naye Mushet akabaki na ugonjwa na madeni.

Hapa ndipo naomba mabinti wa ukoo huu wategee masikio. Mwaka 1866 binti yake Mushet, jina lake Mary, mwenye umri wa miaka 16, alisafiri peke yake hadi London, akaingia katika ofisi ya Bessemer, akamwambia kwamba utajiri wake umesimama juu ya kazi ya baba yake. Bessemer hakukubali kwamba ana deni la kisheria. Hata hivyo alikubali kumpa Mushet paundi 300 kila mwaka, na fedha hizo ziliendelea kutolewa kwa zaidi ya miaka 20.

Sasa tuje kwenye nishani yenyewe. Jumuiya ya wataalamu wa chuma na feleji iliundwa Uingereza mwaka 1869. Bessemer alikuwa mmoja wa marais wake wa mwanzo, naye akatoa mali ili kila mwaka itolewe nishani ya dhahabu kwa aliyeifaa kazi hii. Mwaka 1874 ilitolewa kwa mara ya kwanza, kwa Isaac Lowthian Bell, bingwa wa elimu ya matanuri ya chuma. Na mwaka 1876, nishani yenye jina la Bessemer ikatunukiwa Robert Mushet. Wazee wangu, hili ni jambo kubwa. Watu wawili waliogombana kwa maandishi, mmoja akiwa na mali na mwingine ana dhiki, na nishani ya mwenye mali ikavishwa mwenye dhiki ili ulimwengu ujue mchango wake. Haikumrudishia haki yake ya fedha, ila ilimrudishia jina.

Maradhi ya pili, yaani fosforasi, yalidumu zaidi ya miaka 20. Aliyeyatibu hakuwa mtaalamu wa kuajiriwa. Sidney Gilchrist Thomas alitaka kusomea utabibu, lakini baba yake alifariki mwaka 1867 naye akalazimika kutafuta kazi. Akawa karani katika mahakama ya polisi, London. Mchana aliandika kesi, usiku alisoma kemia. Alipata fikra kwamba tanuri likikandikwa ndani kwa mawe ya jamii ya chokaa badala ya mawe ya mchanga, fosforasi itashikamana na chokaa na kutoka pamoja na mavi ya chuma. Alikuwa na fikra lakini hana tanuri. Tanuri lilipatikana kwa binamu yake, Percy Gilchrist, aliyekuwa mkemia kiwandani huko Wales. Wawili hao wakajaribu tena na tena, wakiandikiana barua, mpaka wakafaulu.

Mwaka 1878 Thomas aliposimama katika mkutano wa jumuiya ile akasema kwamba fosforasi imeondoka, hawakumjali, maana alikuwa kijana na karani. Mwaka uliofuata, huko Middlesbrough, jambo lilithibitishwa hadharani, na Ulaya nzima ikataka njia hiyo. Hata mavi ya chuma yaliyotupwa yakawa mbolea ya mashamba, kwa ajili ya fosforasi iliyomo. Mwaka 1883 Thomas alipewa nishani, pamoja na George Snelus, ambaye kabla yake alikwisha kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1885 Thomas alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, ana umri wa miaka 34. Mali yake alimwachia dada yake aitumie kwa manufaa ya watu.

Nimetaja wachache tu. Yumo pia Harry Brearley wa Sheffield, mtoto wa myeyusha feleji, aliyeacha shule akiwa na miaka 12 na kuanza kwa kuosha chupa za maabara. Mwaka 1913 alitengeneza feleji isiyoshika kutu, na mwaka 1920 akapewa Nishani ya Bessemer. Yumo profesa wa Kijapani, Kotaro Honda, aliyepewa mwaka 1922. Wamo vilevile waliopewa kwa ukubwa wa cheo: Malkia Victoria mwaka 1899, na tajiri Andrew Carnegie mwaka 1904. Sisemi kwamba hawakustahili kuheshimiwa. Nasema tu kwamba sisi tulio kazini, tunapoisoma orodha ile, moyo hausimami kwenye jina la Malkia. Unasimama kwa Mushet, kwa karani, na kwa muosha chupa.

Tena tusisahau kwamba ufundi huu haukuanzia Ulaya. Huko kwetu, magharibi ya Ziwa Viktoria, wahunzi wa Buhaya waliyeyusha chuma kwa matanuri ya udongo kiasi cha miaka 1,500 na zaidi iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliwajengea watafiti tanuri kwa kukumbuka tu, ingawa kazi hiyo iliachwa miongo mingi, na chuma kikapatikana. Habari zake zilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Majina ya mabingwa wa kale hayajulikani, kwa kuwa hapakuwa na aliyeyaandika.

Bwana Mwenyekiti, sasa nasema rai yangu. Pendekezo la kamati ni jema, lakini maneno "daraja ya juu kabisa" yananitia shaka. Daraja ya juu inajionyesha yenyewe. Ina ofisi, ina mshahara, ina cheti ukutani. Katika ukumbi huu wamo waliokuja na vyeti vya ualimu na ukunga vikakataliwa, wakafagia, wakaosha vyombo, wakashona usiku, na kwa fedha hizo wadogo zao wakasoma. Tukimpa nishani daktari peke yake, na shangazi aliyemlipia ada ameketi safu ya nyuma kimya, tutakuwa tumeandika jina la Bessemer na kulifuta la Mushet.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, nishani yetu ipimwe kwa manufaa aliyoyapata mwingine, wala si kwa cheo cha anayepewa. Pili, iruhusiwe kupewa watu wawili kwa pamoja, kama ilivyokuwa mwaka 1883, maana mara nyingi mmoja ana fikra na mwingine ana tanuri. Tena iandikwe kila aliyeshiriki. Percy Gilchrist hakuwamo katika nishani ile, na bila yeye karani angebaki na fikra zake. Tatu, itolewe mtu angali hai. Wazee wetu walishasema, mgeni njoo mwenyeji apone; nami nasema sifa nayo ije mapema, mwenyewe apate kuisikia. Thomas aliiwahi kwa miaka miwili tu.

Na ikiwa hatutakubaliana juu ya dhahabu, basi tuanze na daftari. Kila tawi la ukoo, Muscat, Dubai, London, Toronto na nyumbani, liandike nani alimsaidia nani, mwaka gani, kwa kitu gani. Mali ya nishani yaweza kuchelewa, ila kumbukumbu ikichelewa wenye nayo wanaondoka. Wahunzi wa Buhaya walituachia mavi ya chuma ardhini yakashuhudia kazi yao. Sisi, wenye kalamu na karatasi, hatuna udhuru.

Mary Mushet hakusubiri kamati. Alipanda gari la moshi akaenda kumtaja baba yake mahali alipokuwa hatajwi. Nawaomba mabinti na vijana wetu, kabla ya alasiri, kila mmoja amfikirie mtu mmoja wa ukoo huu ambaye jina lake halijapata kusimamiwa, na kikaoni asimame kumtaja.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape afya waliopo, na azidi kutukutanisha kwa kheri.

Wabillahi tawfiq.