Akiba ya Uzeeni kwa Mtu Anayekaa Nyumba ya Kupanga



Mwaka 1954 tume iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilitoa taarifa yake juu ya mishahara ya Waafrika katika Kenya. Tume ile ilisema ya kwamba mfanyakazi hawezi kutulia katika kazi yake mpaka apate mambo manne: mshahara unaomtosha yeye na jamaa yake, kazi isiyokatika, nyumba ya kukaa pamoja na jamaa yake, na salama ya uzee wake. Miaka zaidi ya 70 imepita tangu maneno hayo kuandikwa. Mambo mawili ya mwisho, yaani nyumba na uzee, yamefungamana hata leo, na hayo ndiyo yatakayoelezwa hapa.

Zamani mtu aliyefanya kazi Nairobi au Mombasa aliihesabu nyumba ya kupanga kuwa kituo cha njiani tu. Alikaa Pumwani, au Kaloleni, au katika landhi za reli, na mwisho wa kazi alirudi kwao. Huko palikuwa na shamba, ng'ombe na watoto wa kumtunza, wala hakuna aliyemgongea mlango mwisho wa mwezi kudai kodi.

Leo si wote wenye njia hiyo. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata fungu la mtu mmoja halitoshi kupanda mahindi ya kula mwaka mzima. Wengine walizaliwa mjini, na wazazi wao pia. Watu hawa watakuwa wapangaji wakiwa na umri wa miaka 60, na hata 70. Mshahara utakoma siku moja iliyoandikwa katika barua. Kodi ya nyumba haitakoma.

Yafaa basi kufanya hesabu. Chukua mfano wa mfanyakazi mwenye umri wa miaka 40, mshahara wake Sh. 30,000 kwa mwezi, na kodi ya nyumba yake Sh. 8,000. Hazina ya akiba ya wafanyakazi, ijulikanayo kwa herufi NSSF, iliundwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa Sh. 200 kwa mwezi, na mwajiri akatoa Sh. 200 nyingine. Akiba ya namna hiyo kwa miaka 20 ni Sh. 96,000. Kodi ya nyumba ile kwa mwaka mmoja ni Sh. 96,000. Maana yake ni kwamba kazi ya miaka 20 ilimpatia mzee dari ya mwaka mmoja.

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2013, ikacheleweshwa na kesi mahakamani, kisha ikaanza kutumika mwaka 2023. Kwa sheria hiyo mfanyakazi hukatwa sehemu 6 katika kila 100 za mshahara wake, mpaka kiwango kilichowekwa, na mwajiri hutoa kadiri iyo hiyo. Kwa mshahara wa Sh. 30,000 hiyo ni Sh. 1,800 na Sh. 1,800, jumla Sh. 3,600 kwa mwezi. Katika miaka 20 zitapatikana Sh. 864,000. Hazina huongeza faida, lakini kodi nayo hupanda. Kwa hiyo katika hesabu hii yote mawili yameachwa kando. Fedha hizo zitalipa kodi ya miaka 9. Mzee aliyestaafu na miaka 60 atakuwa na nyumba mpaka afike 69, nazo zitakuwa hazijanunua unga, wala dawa, wala mafuta ya taa.

Pana msaada wa Serikali kwa wazee waliotimiza miaka 70. Mpango huo ulioanza mwaka 2018 ulimwekea kila mzee Sh. 2,000 kwa mwezi. Ni msaada wenye heshima, lakini ni robo tu ya kodi ile.

Sasa na itazamwe njia ya kujaza pengo. Kodi ya Sh. 8,000 kwa miaka 20 ya uzee ni Sh. 1,920,000. Ukiondoa Sh. 864,000 za hazina, pengo ni Sh. 1,056,000. Mfanyakazi huyu aliyeanza na miaka 40 atapaswa kuweka Sh. 4,400 zaidi kila mwezi. Huo ni mzigo mzito kwa mwenye watoto shuleni. Lakini kama angalianza na miaka 30, hazina ingalimpa Sh. 1,296,000, na pengo lililobaki lingalijazwa kwa Sh. 1,734 hivi kwa mwezi. Mshahara ni ule ule na nyumba ni ile ile. Tofauti ni miaka kumi tu.

Njia ya pili ni kupunguza kodi yenyewe. Mtu aliyestaafu hana haja ya kukaa karibu na kiwanda au ofisi. Akihamia mji mdogo ambako nyumba ni Sh. 5,000, yule aliyeanza akiba na miaka 40 ataongeza Sh. 1,400 tu kwa mwezi badala ya Sh. 4,400. Lakini uamuzi huo ufanywe pamoja na mkewe mapema, wakati bado wana nguvu za kujuana na majirani wapya na kujua hospitali iko wapi. Mzee anayehamishwa na deni huchukua nyumba yoyote aionayo.

Asidhani mtu ya kwamba kukaa mahali miaka mingi kunampa haki ya kukaa daima. Nyumba za Muthurwa, Nairobi, zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Baadaye zilikabidhiwa mfuko wa pensheni wa reli, ili mali hiyo ilipie wastaafu. Mwaka 2010 wapangaji waliamriwa kuhama, na shauri likafika Mahakama Kuu, ambayo ilitoa hukumu mwaka 2013. Wastaafu walihitaji fedha zao, na wapangaji walihitaji paa. Mpangaji na awe na mapatano yaliyoandikwa, na atunze risiti zake zote.

Njia ya tatu ni kuwa na nyumba yake mwenyewe. Tangu mwaka 2020 kanuni za mifuko ya pensheni zimemruhusu mwanachama kutumia mpaka sehemu 40 katika 100 za akiba yake kununua nyumba ya kukaa, isipite Sh. 7,000,000. Mwenye kiwanja kwao na ajenge kidogo kidogo angali kazini: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta. Lakini kabla ya kutoa hata senti moja ya kununua ardhi, aende ofisi ya ardhi kulitazama daftari. Na kama ni shamba la kilimo, apate kibali cha Halmashauri ya Ardhi. Wengi wamezika kiinua mgongo chao katika kiwanja chenye wenyewe watatu.

Fundi wa jua kali, mama wa sokoni na mwendesha pikipiki hawana mwajiri wa kuwaongezea. Hao waweza kujiandikisha NSSF kwa hiari, na mafundi wa jua kali walianzishiwa mpango wa Mbao, jina litokanalo na Sh. 20 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi hiyo ni Sh. 6,000 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni Sh. 120,000. Hazitoshi kodi, na ni haki kulisema wazi. Siku ya biashara njema na iongezwe kitu.

Mwisho, yako mambo matatu ambayo kila mfanyakazi aweza kuyafanya mwezi huu. Kwanza, aulize hazina taarifa ya akiba yake, apate kujua kama mwajiri anapeleka fedha anazomkata. Pili, aandike majina ya warithi wake, ili mjane asizungushwe maofisini. Tatu, akihama kazi, asiichukue akiba ya zamani kwa ajili ya sherehe au gari. Aihamishe pamoja naye. Kisha achukue kalamu, aandike kodi yake, aizidishe kwa 240, ambayo ni idadi ya miezi katika miaka 20. Hesabu hiyo itamtisha kidogo. Ni heri imtishe leo, angali na mshahara.