MOTOKAA NDOGO, PETROLI NA MAISHA YA DEREVA

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya madereva katika mkutano wa wanachama)



Wengi wenu mmetuuliza: Je, tukubali kuendesha hizi motokaa ndogo sana, ambazo matajiri wetu wazipenda kwa kuwa hazinywi petroli nyingi? Tumelichungua jambo hili, na leo twawaletea jibu.

Kwanza tuseme kweli juu ya petroli. Motokaa nyepesi yahitaji nguvu kidogo ili iondoke au ipande mlima, kwa hiyo injini ndogo yaitosha. Mjini, mahali pa kusimama na kuondoka kila mara, faida hiyo huonekana mfukoni. Lakini udogo peke yake si dawa. Katika vipimo vya serikali ya Marekani vya mwaka 2009, Smart Fortwo, motokaa ya watu wawili tu, ilitumia kama lita 6.5 kwa kilomita 100. Toyota Prius ya mwaka huo huo, yenye viti vitano, na mota ya umeme pamoja na injini ya petroli, ilitumia kama lita 5.1. Basi ile kubwa ilikunywa kidogo kuliko ile ndogo.

Pili, tutazame ajali. Mwaka huo wa 2009 taasisi moja ya Marekani, inayoendeshwa kwa fedha za makampuni ya bima, iligonganisha motokaa ndogo na kubwa uso kwa uso: Smart na Mercedes C-Class, Honda Fit na Accord, Toyota Yaris na Camry. Kila moja ilikwenda kilomita 64 kwa saa, na ndani yake mliwekwa sanamu za watu zenye vyombo vya kupimia. Zile ndogo tatu zilikuwa zimepata alama nzuri zilipogongeshwa kizuizini. Lakini zilipokutana na kubwa, zote tatu zilipata alama mbaya. Smart iliruka juu ikazunguka. Mlango wa Yaris ulikuwa karibu kung'oka. Na hiyo Yaris ndiyo iliyouzwa Japani kwa jina la Vitz, ambayo sisi sote twaijua hapa Kenya.

Sababu yake ni hesabu, si bahati. Motokaa ya kilo 1,000 na nyingine ya kilo 1,500 zikutane, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Zikishikana, ile kubwa huisukuma ndogo kinyumenyume kwa mwendo wa kama kilomita 13. Kwa hiyo mwendo wa kubwa umepungua kwa 51, lakini wa ndogo umebadilika kwa 77, yote kwa kufumba na kufumbua. Hiyo 77 ndiyo impigayo dereva kifuani. Mbele ya lori la tani 30 katika barabara ya Mombasa, hesabu hiyo yafika karibu 124. Tena pua ya motokaa ndogo ni fupi, haina nafasi ya kutosha ya kukunjika kabla ya kumfikia dereva.

Basi twaona nini? Akiba ya petroli humwendea tajiri, na hatari hubaki kitini pa dereva. Aliye kando haangukiwi na mti.

Hatusemi motokaa ndogo zikataliwe zote. Twataka mambo matatu. La kwanza, motokaa ndogo zifanye kazi za mjini. Safari ndefu za barabara kuu, hasa usiku kati ya malori, zipewe gari zito zaidi. La pili, mikanda ya viti na mifuko ya hewa ikaguliwe na fundi. Mfuko uliokwisha kufumuka katika ajali usifichwe kwa kifuniko kitupu, bali utiwe mpya. La tatu, saa za safari zisipangwe kwa namna ya kumlazimisha dereva kwenda mbio.

Hili la tatu lamfaa hata tajiri. Mwendo ukipunguzwa kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa, nguvu ya mgongano hupungua kwa zaidi ya theluthi moja, na petroli nayo hupungua, kwa sababu injini haishindani sana na upepo. Hiyo ndiyo akiba isiyodai damu ya mtu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Hatuombi zawadi, twadai haki.

Nasi tufanye sehemu yetu: tufunge mkanda kila safari, tusijaze kupita kiasi, na mwenye kuona kasoro aiandike na kuileta kwa mwakilishi wa chama kabla ya ajali, si baada yake.

Umoja ni nguvu.