Bandari ya Esbjerg na Visiwa Vyake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Jubilei)

Tumeombwa tuwasimulie habari za safari yetu katika nchi ya Denmark, nasi twakubali kwa furaha. Hatutanena juu ya mji mkuu, kwani habari zake wengi wamezisikia. Twapenda kunena habari za Esbjerg, bandari iliyo upande wa magharibi, pamoja na pwani yake na visiwa vyake. Maana huko tuliona jinsi watu walivyopatwa na hasara, na walivyotenda baada ya hasara.

Mji huu si wa kale. Mwaka wa 1864 Denmark ilipigana na Prussia na Austria, ikashindwa, ikanyang'anywa nchi za Schleswig na Holstein, pamoja na bandari za magharibi zilizokuwa zikipeleka ng'ombe Uingereza. Wakulima wakabaki na mali, lakini mlango wa kuitolea hawana. Hawakuketi kulia tu. Mwaka wa 1868 ikatolewa sheria ya kujenga bandari mpya, mahali palipokuwa na nyumba chache za wakulima na upepo mwingi. Mwaka wa 1874 reli ikafika, na mwaka uliofuata meli ikaanza kwenda Uingereza. Siagi na nyama zikavuka Bahari ya Kaskazini, na mji ukakua. Leo wakaao humo wapata 70,000.

Tena, kazi za bandari hiyo hazikuwa zile zile siku zote. Baada ya ng'ombe na siagi, wavuvi waliongezeka hata ikawa bandari kuu ya uvuvi katika Denmark. Uvuvi ulipopungua, wakahudumia wachimbao mafuta na gesi baharini. Na sasa gatini hupangwa minara na mapanga marefu ya mitambo ya upepo, yangojayo kupakiwa. Mwaka wa 2002 mitambo 80 ilisimamishwa baharini huko Horns Rev, ikaanza kutoa umeme. Meli ya abiria ya Harwich ilikoma mwaka wa 2014, bandari haikukoma.

Pwani, kaskazini ya bandari, zimeketi sanamu nne nyeupe za watu, kila moja kimo chake mita 9. Ni kazi ya Svend Wiig Hansen, nazo ziliwekwa mwaka wa 1995. Zaitazama bahari, hazisemi neno. Tulisimama miguuni pake, tukajiona wadogo.

Kutoka mjini twavuka kwa kivuko muda wa dakika 12, twafika kisiwa cha Fanø. Kisiwa hiki kilikuwa mali ya mfalme, hata mwaka wa 1741 kikauzwa kwa mnada. Na walioshika mnada ni wenyeji wenyewe. Walinunua nchi waliyokuwa wakiikalia! Wakapata ruhusa ya kuunda merikebu na kufanya biashara, na katika karne ya 19 wingi wa merikebu zao ulishindwa na Copenhagen tu. Wanaume walikuwa baharini, na wanawake walilima mashamba, wakifunika nyuso zao wasichomwe na jua na mchanga upeperushwao. Katika kanisa la Sønderho, kusini ya kisiwa, mifano ya merikebu yaning'inia darini, nayo ni kumbukumbu ya kazi ile. Kisha meli za moshi zikazishinda tanga, na biashara ikahamia ng'ambo, Esbjerg. Hapa pana neno la kufikiri, hasa kwa walimu: faida ya mji mmoja yaweza kuwa upungufu wa jirani yake, na anayehesabu faida hana budi kumtazama jirani pia.

Katika vilima vya mchanga vya Fanø tuliona ngome za saruji zilizojengwa na Wajerumani walipoitawala nchi hiyo, tangu 1940 hata 1945. Na ng'ambo, katika rasi ya Skallingen, walifukia mabomu ardhini. Vita vilikwisha mwaka wa 1945, lakini mabomu hayo hayakumalizwa kuondolewa hata mwaka wa 2012. Miaka 67! Watu huanza vita kwa siku moja, na wajukuu ndio wanaochimbua masalio yake.

Kusini yake kipo kisiwa kidogo cha Mandø, ambacho wakaaji wake hawafiki 50. Njia yake imepita juu ya matope ya bahari: maji yakipwa, trekta hukokota gari la abiria, maji yakijaa, njia haionekani. Ninyi wa pwani mwaijua bamvua na maji mafu. Huko nako mtu hupanga safari yake kwa kufuata maji, wala maji hayamfuati yeye. Matope hayo yamejaa minyoo na kombe, na kila mwaka ndege zaidi ya milioni 10 hushuka kula katika pwani hiyo ya Denmark, Ujerumani na Uholanzi, wengine wakiwa safarini kwenda Afrika ya Magharibi. Sehemu ya Denmark iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka wa 2014.

Mwisho tulifika Ribe, mji wa kale kuliko yote ya Denmark, ulioanza mwanzoni mwa karne ya 8. Karibu na mto imesimikwa nguzo ya mti, yenye alama za mafuriko. Alama ya juu kabisa ni ya mwaka wa 1634, mwezi wa Oktoba, usiku ambao bahari ilipanda zaidi ya mita 6, ikaingia hata kanisani; na katika pwani ile walikufa watu kwa maelfu. Leo tuta kubwa la udongo laukinga mji, lakini nguzo hawakuing'oa. Mtoto apitaye huinua macho, akaona maji yalifika wapi.

Basi ndugu, katika Jubilei hii tumehesabu majengo na shule, na ni haki kuyahesabu. Tuwaonyeshe watoto pia alama za maji: miaka ya njaa, ya maradhi, ya kutengana. Asiyejua maji yalifika wapi, hatajua ajenge tuta lake kimo gani.