Mbwa Akiumwa na Nyoka Usiku

Mbwa wa boma moja Kasikeu, kaunti ya Makueni, akirudi usiku pua imevimba, huenda amekutana na kifutu. Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wa karibu wa Sultan Hamud.

Ndiyo maana namba ya daktari wa mifugo itafutwe mchana. Aulizwe mapema: hutoka usiku? Ada ni kiasi gani? Hutibu mbwa na paka, au ng'ombe na mbuzi tu? Na awe amesajiliwa, kama sheria ya mwaka 2011 inavyotaka.

Daktari akisubiriwa, mbwa abebwe, asitembezwe. Jeraha lisichanjwe wala kufungwa kamba. Panadol isitolewe kabisa, kwa mbwa wala kwa paka. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka.

Mbwa anayetoa mate na kuuma ovyo ni jambo jingine, huenda ana kichaa cha mbwa: asishikwe. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza katika mkakati wa Kenya wa kutokomeza kichaa cha mbwa, wa 2014 hadi 2030. Aliyeumwa na mbwa huyo aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha afike hospitali bila kungoja asubuhi.