Habari za Segerea na Mashamba Yake



Katika sikukuu ya jubilei watu husimulia habari za makanisa na shule, nani alijenga na mwaka gani. Hayo ni mema, na wengine watayasema kuliko sisi. Sisi twataka kunena habari za udongo ulio chini ya majengo hayo, yaani nchi ya mashamba iliyokuwa kati ya vilima vya Pugu na mji wa Dar es Salaam, na hasa Segerea.

Mtu wa mbali akisikia jina la Segerea hukumbuka gereza, maana latajwa mara kwa mara katika habari za mahakama. Wakatoliki hukumbuka Seminari Kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga. Lakini kabla ya gereza na seminari palikuwa na nyumba chache za udongo na makuti, zimetawanyika katikati ya miembe na minazi, na Wazaramo waliokaa humo walikuwa wakulima.

Lugha yetu ina maneno mengi kwa nchi ya namna hiyo, nasi twawaomba waalimu wasiyaache yapotee. Konde ni mahali palimwapo mazao ya msimu. Shamba, kwa watu wa pwani, hasa ni mahali penye miti iliyopandwa. Kiunga ni nchi ya mashamba iliyoungana na mji. Kitongoji ni kikundi cha nyumba kilicho mbali kidogo na kijiji. Na mahame ni mahali palipohamwa, ambapo nyumba zimekwisha anguka na kuwa udongo tena, ila miembe ingali imesimama, na mpita njia akiiona hujua ya kuwa watu walikaa hapa. Kwa sheria za leo kijiji hugawanywa vitongoji, na mji hugawanywa mitaa. Segerea imekuwa mtaa na kata ya mji. Neno kitongoji limeiacha, nalo neno kiunga, ambalo lilikuwa na harufu ya maua ya miembe, sasa lataja nyumba zisizo na nafasi hata ya mpapai mmoja.

Yafaa tutazame umbo la nchi, kwa maana ndilo lililo na neno kubwa katika habari hii. Mto Msimbazi hutoka katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hushuka pande za Kinyerezi na Segerea, hupita kati ya Tabata na Vingunguti, hata Kigogo na Jangwani, ukaingia baharini penye mikoko karibu na Upanga. Juu ya mto kuna miinuko ya mchanga, na chini kuna bonde la udongo mweusi ushikao maji. Wakulima wa zamani walijenga juu. Muhogo, mikorosho na minazi vilikaa juu pamoja na watu, na bonde likaachiwa mpunga. Wakati wa masika, mto ulipopanda, haukukuta mlango wa mtu. Ulikuta mpunga, nao mpunga hupenda maji.

Kazi ya bonde haikuwa nyepesi. Mpunga ulipokaribia kuiva, ndege walishuka makundi kwa makundi, na usiku walikuja nguruwe. Basi watu wakajenga dungu, yaani jukwaa la miti katikati ya konde, na juu yake mtoto au mwanamke alikaa tangu alfajiri akipiga kelele na kutupa mawe kwa teo. Walio na umri mkubwa kati yenu wanajua jinsi sauti inavyokauka kwa kazi hiyo. Na mazao hayakuishia chunguni tu. Muhogo, nazi, maembe, kuni na makuti ya kuezekea yalichukuliwa mjini kichwani, na fedha ikarudi kuwa nguo na chumvi. Mji wa Dar es Salaam, ambao Sultani Majid aliuanzisha katika miaka ya 1860, ulilishwa na nchi hii tangu siku zake za kwanza.

Wageni walipita humu mapema. Wamisionari Wabenediktini walikaa Pugu mwaka 1888, na mwezi wa Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misioni yao ikashambuliwa na baadhi yao wakauawa. Baadaye ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga toka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Gari la moshi lilipita kwa kishindo kupanda Pugu, lakini mkulima wa bondeni aliendelea na jembe lake.

Kilichobadili nchi hasa ni hesabu ya miti. Desturi ya pwani ilitenga mti na ardhi. Aliyepanda mnazi ndiye mwenye mnazi, ijapokuwa ardhi ni ya mwingine; aliweza kuuuza, kuuweka rehani, au kuwarithisha wanawe. Kisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa na Serikali ya Waingereza, ikatangaza ya kuwa nchi yote ya Tanganyika, yenye watu na isiyo na watu, ni ardhi ya umma chini ya amri ya Gavana. Mwaka 1928 haki za wenyeji kwa desturi zao zilikiriwa, lakini mji ulipohitaji mahali, kilicholipwa kilikuwa nyumba, miti na mazao. Ardhi yenyewe haikuhesabiwa kuwa na bei. Mpimaji alihesabu minazi, akahesabu miembe, akaandika. Konde la mpunga, lililolisha ukoo mzima vizazi vitatu, halina mti. Basi likitwaliwa baada ya mavuno hapana cha kuandika.

Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, ambazo zilianza kutumika mwaka 2001, ndizo zilizotamka wazi ya kuwa ardhi ina thamani, na ya kuwa fidia sharti iwe kamili, ya haki, na ya upesi. Neno jema, ila lilichelewa. Mwaka 1967 watu wa mji wa Dar es Salaam walikuwa 272,821. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu 5,383,728. Watu wengi hivyo hawakungoja wapimaji. Walimwendea mwenye shamba, wakakubaliana bei, wakapima kwa hatua toka mwembe huu hata mnazi ule, wakaandikiana karatasi mbele ya mjumbe. Hatuwalaumu wenye mashamba waliouza, wala walionunua. Mzee mwenye watoto wa kusomesha na muhogo usiopata bei atafanyaje? Na kijana aliyetoka bara apange chumba hata lini?

Lakini tazameni jinsi mambo yalivyopinduka. Mwinuko ulipojaa, bei yake ikapanda, na maskini wakashuka bondeni ambako kiwanja kilikuwa rahisi. Mahali pa mpunga pakawa mahali pa vyumba vya kulala. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, Msimbazi ukapanda kama ulivyopanda siku zote, na safari hii ukakuta milango. Watu wapatao 40 walikufa katika mji wetu, na maelfu wakakosa makao. Wengine wakahamishiwa Mabwepande. Baadhi yetu tuliposikia habari hizo tulisema mto umeghadhibika. Mto haukughadhibika, ulipita katika njia yake, ambayo mtoto wa dungu aliijua.

Kilimo hakijakwisha kabisa. Kandokando ya Msimbazi wangali wako watu wanaolima mchicha na matembele, wakimwagilia asubuhi na jioni, na mboga hizo hufika sokoni zingali mbichi, nasi twazila. Walakini mto wenyewe umechafuka kwa maji ya viwanda na ya vyoo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichunguza mboga zilizolimwa kando ya Msimbazi na Sinza, na katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 1999 walieleza kuwa walikuta humo madini mazito, kama vile risasi na kadimi. Ni rahisi kusema wakulima hao waondolewe. Sisi twaona afadhali aulizwe kwanza mwenye kumwaga uchafu juu ya mto, kuliko mwenye ndoo ya kumwagilia chini yake. Maana bustani ya mchicha ikizama, hapana matanga.

Tena kuna kazi moja ambayo waalimu waweza kuianza mwaka huu, kabla ya masika ya mwezi wa Machi. Wazee waliolima bonde hilo wamebaki wachache, nao wajua maji yalifika wapi katika mvua zipi, mwembe upi ulipandwa na nani, na mahame yapi yana makaburi ambayo sasa yamezungukwa na kuta za watu wasiojua. Hayo hayamo katika ramani yo yote. Wachukueni watoto wa madarasa ya juu, wawili wawili, waende na daftari, wabishe hodi, waamkie shikamoo, wakae chini wasikilize. Waandike jina la kila mahali kama mzee alivyolitamka, na wakirudi wapige mstari mwekundu pale aliposema maji yalifika. Nakala moja ikae shuleni, ya pili parokiani, na ya tatu apelekewe mwenyekiti wa mtaa, ili mtu ajaye kuuliza kiwanja bondeni aonyeshwe ule mstari kabla hajatoa fedha yake.