Mtoto Akianguka, Tunamupigia Makofi

Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Baraka



Sisi tunaotembelea vikundi vyenu kila juma, kwa umri tuko watoto wenu. Basi hatukuja kuwafundisha namna ya kuishi. Tumekuja kuwaonyesha walimu wengine, wadogo kuliko sisi, ambao munalala nao nyumba moja.

Tuanze na mtoto anayejifunza kutembea. Mwaka 2012, Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walitoa hesabu ya watoto wa miezi 12 mpaka 19 waliokuwa wakicheza. Kwa saa moja, mtoto alipiga hatua kama 2,368, na alianguka mara 17. Mara kumi na saba kwa saa moja! Na bado anasimama. Sisi tunaona sababu moja iko kwetu wakubwa: hakuna mutu anayemucheka. Akianguka, mama anasema "pole, simama", jirani anapiga makofi. Hakuna anayeandika kwenye daftari kwamba huyu alianguka jana.

Sasa tumuangalie mukubwa aliyerudi. Tangu 2005, HCR ilipoanza kuvusha watu kwa boti kutoka Kigoma mpaka hapa, wengi walishuka na mizigo michache, wakakuta shamba limekuwa pori ao linalimwa na mwingine. Huyu naye anajifunza kutembea upya. Analima mihogo, mozaiki inaikamata. Anakopa franga za kuuza ndagala, mvua inanyesha siku tatu, hakuna jua la kuanika, ndagala zinaoza. Ameanguka. Na sisi tunafanya nini? Tunanong'ona: "Yule hana akili ya biashara." Juma linalofuata haji kwenye mkutano. Juma la tatu, mukewe naye haonekani. Tukienda kuwaona, wanasema wako na kazi mingi. Si kazi. Ni haya.

Fundisho la pili ni la kinywa. Mtoto mwenye njaa hasemi "niko sawa". Anasema: "Mama, njaa." Akiumwa tumbo, anaonyesha mahali. Sisi wakubwa tunaficha mpaka mwisho, halafu kikundi kinaitwa kuchangia jeneza, wakati kingeweza kuchangia dawa. Wazee walishasema: mficha ugonjwa, kilio humuumbua. Kusaidiana hakuwezi kuanza kama hakuna anayesema shida yake.

La tatu ni la mikono. Mwaka 2006, Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya kazi Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 wanasaidia hata mutu wasiyemujua. Mutu mukubwa anaangusha kitu, anashindwa kukifikia. Mtoto anakwenda, anakiokota, anamupa. Hapewi bonbo wala hasubiri kushukuriwa. Na hamuulizi: "Wewe ulikimbia ao ulibaki? Ulitoka Nyarugusu, Lugufu, ao ulikuwa hapahapa?"

Hatusemi watoto ni malaika. Wananyang'anyana, wanapigana, mumewaona. Lakini neno "mukimbizi" likisemwa kama tusi pale shuleni, tujue mtoto hakuzaliwa nalo. Alilisikia nyumbani, wakati sisi tukizungumza juu ya parseli na mipaka ya mashamba.

Waangalieni wanapocheza kombolela. Mumoja anatafuta, wengine wanajificha. Hata kama wengi wamekwisha kukamatwa, aliyebaki akiwahi kufika kituoni anawakomboa wote, pamoja na yule aliyekamatwa wa kwanza kwa uzembe wake. Hakuna anayesema "huyo abaki, alijificha vibaya". Mutualite yetu nayo ilianzishwa kwa kazi hiyo.

Basi tunaomba mambo matatu, na tunaomba yaingie kwenye kanuni zetu.

Kwanza, kabla ya kufungua sanduku na kuhesabu franga, kila mwanachama aulizwe: "Nyumbani kwako kuna shida gani?" Ajibu bila kuchekwa. Atakayecheka alipe amande kama anayechelewa.

Pili, mwanachama akikosa mikutano miwili, wawili wamufuate nyumbani juma lilelile. Wasiende na daftari la deni. Waende na salamu. Deni litazungumzwa baadaye, naye akiwa amekaa katikati yetu.

Tatu, franga za solidarite zisichanganywe na za mikopo, na aliyeshindwa kulipa mkopo asinyimwe solidarite mtoto wake akiugua. Deni ni la baba; homa ni ya mtoto.

Na ninyi wafadhili, munapokuja, munauliza mikopo mingapi imerudishwa. Swali hilo ni zuri. Ongezeni lingine: ni nani aliyekuwa anakuja na sasa haji tena, na kwa nini? Jibu la swali hilo ndilo litawaonyesha kama kikundi kinaishi.

Leo jioni, mtoto wa nyumbani kwako ao wa jirani ataanguka. Utamuambia "pole, simama", bila hata kufikiri. Neno hilo lipeleke kwa mwanachama mwenzako kabla ya mkutano wa juma lijalo. Unamujua ni nani.