MIZIGO YA MWAKA UJAO: MANENO YETU KWA WENYE MIZIGO
(Hotuba ya mwanachama mmoja wa reli mbele ya wenye mizigo na wafanya kazi)



Siku zote ninyi husema na wakubwa, na sisi huonana na makasha yenu tu. Leo twataka kuwaambia yale tuyaonayo huku chini penye mabehewa, ili mwaka ujao usiwakute hamjajiweka tayari. Kukawia kwa mzigo wenu na kuumia kwetu kazini mara nyingi ni shida moja.

Jambo la kwanza ni uzito. Tangu tarehe 1 Julai 2016, sheria ya meli za dunia yataka uzito wa kila kasha uthibitishwe kabla halijapakiwa melini. Hata hivyo makasha mengine yanayojazwa katika maghala ya hapa kwetu hutufikia na uzito wa kukisia. Siku moja tulipokea kasha lililoandikwa tani 20. Lilipoinuliwa likaegemea, maana magunia yalikuwa yamelundikwa upande mmoja, na ndugu yetu akabanwa mguu. Lilipopimwa baadaye likaonekana ni tani 27. Ndugu yule hata leo hatembei sawasawa. Yule aliyeandika 20 hakuwapo pale. Sisi tuliosomeshwa misheni tulifundishwa tungali wadogo kwamba kupunja mizani ni dhambi. Basi pimeni, mkaandike kweli, na mzigo ufungwe usicheze ndani. Kama kuna dawa kali au kitu cha kuwaka moto, semeni mapema.

Jambo la pili ni majira. Masika yetu huanza Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Masika ya mwaka 2024 yalileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini na kukata barabara nyingi. Mbolea, sementi na nafaka zisingoje mawingu ndipo zitafutiwe turubai. Tena wanaoagiza vitu China wakumbuke kwamba viwanda vya huko hufungwa katika sikukuu ya mwaka wao mpya, Januari au Februari. Kabla ya hapo kila mtu hukimbilia kupakia.

Bahari nayo ina mambo yake. Tangu mwisho wa mwaka 2023 meli zilishambuliwa katika Bahari ya Shamu, na nyingi zikaiacha njia ile zikazunguka Afrika ya Kusini. Safari za kutoka Ulaya zikawa ndefu. Meli zikichelewa huja kwa pamoja, nasi hudaiwa kumaliza kazi ya siku tatu kwa siku moja. Ongezeni majuma katika hesabu zenu.

Jambo la tatu ni njia. Treni za mizigo za reli mpya zilianza kwenda Nairobi mwaka 2018. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba makasha ya bara yapande reli, na Septemba 2022 amri ile ikaondolewa, mwenye mzigo akapewa tena hiari ya kuutoa Mombasa. Mmeona jinsi amri zinavyogeuka. Kila mmoja awe na njia ya pili aliyokwisha kuifikiri. Na wenye mizigo ya Uganda wakumbuke kwamba reli ya zamani upana wake ni mita moja, na mpya ni mita 1.435. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Kasha linalohamishwa Naivasha kwenda Malaba huinuliwa tena, na kila kuinua ni saa na mikono ya watu.

Jambo la nne ni karatasi. Hati za shehena na za forodha ziwe tayari kabla meli haijafika. Kasha likilala, kodi hupanda kila siku, kisha karani huja mbio usiku akitaka lipakiwe sasa hivi.

Hapa na sisi wanachama tujisute. Wako miongoni mwetu wanaopokea chai ili kasha moja litangulie mengine. Chai hiyo humfanya mwenye mzigo asione haja ya kujitayarisha, na huivunja sauti yetu tunapodai haki. Mwenye kutoa aache, na mwenye kupokea aache.

Sisi hatuombi sadaka. Twaomba karatasi ya uzito iliyo ya kweli, na saa za kazi za binadamu. Ndugu wanachama, mkiona kasha lina mashaka, msilifunge. Mwiteni msimamizi, nacho chama kisimame nyuma yenu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mguu wa mtu haujengwi.